Swali: Binti yangu yuko Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, anataka kuingia "sororiti" iitwayo Alpha Kappa Alpha. Ni dini?

Jibu: Hapana mama, si dini. Sororiti ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kike, frateniti ni cha wanaume, na majina yao ni herufi za Kigiriki. Hiyo Alpha Kappa Alpha uliyoitaja ilianzishwa hapohapo Howard mwaka 1908 na wasichana Weusi; Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, ni mwanachama. Faida yake ni watu, maana uanachama haukomi ukimaliza chuo. Ila aulize ada mapema, zipo na si ndogo. Na popote akilazimishwa kunywa pombe, kukesha au kupigwa "ili akaribishwe", aondoke siku hiyohiyo. Majimbo mengi Marekani yanaadhibu mambo hayo. Akisitasita, aanzie chama cha wanafunzi Waafrika. Huko huenda hata pilau akaipata.