Cheti kilikuwa halali, msimu ukawa umekwisha

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimetolewa kwenye timu kwa tuhuma za uongo. Nifanyeje?" Chai imepoa mkononi.

Ndugu yangu, anza na Giuseppe Gibilisco, Mwitalia wa Siracusa, mji wa joto kisiwani Sicilia. Kocha wake alikuwa Vitaly Petrov, yuleyule aliyemnoa Sergey Bubka, gwiji wa kuruka kwa upondo, ule mti mrefu wa kujirushia hewani. Paris, 2003, aliruka kwa upondo mita 5.90 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Athens, akapata shaba ya Olimpiki kwa 5.85. Mwaka 2007 akafungiwa miaka miwili katika kesi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. 2008 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifuta adhabu. Sawa, imefutwa. Na miezi iliyopotea?

Mimi niliruka kwa mianzi tuliyoikata mtoni, tukiangukia magunia ya maranda. Mita 3.20, miguu mitupu! Wenye pondo za kisasa wajaribu. Wiki moja kabla ya mashindano ya mkoa, mwalimu fulani akadai nimeghushi umri. Mama alisafiri na cheti changu cha kuzaliwa, akalala stendi. Muhula uliofuata wakakiri cheti ni halali, na aliyechukua nafasi yangu alikuwa keshavaa medali. Nikingoja kuombwa radhi, miaka minne ikapita. Mwalimu yule tukikutana hunisalimia kwa bashasha, kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja.

Basi tunza karatasi zako. Na usingoje radhi. Narudia, usingoje! Vijana wa leo mnashinda mitandaoni mkihesabu waliowakosea, huku miguu inakauka. Gibilisco alipoachana na upondo alikwenda kusukuma sleji za mashindano kwenye barafu. Mtoto wa Sicilia, barafu! Lakini mbio za kumpandisha mtu hewani ndizo zinazoisukuma sleji kabla ya kuirukia ndani. Wewe una nini mwilini ambacho hakuna kamati inayoweza kukufungia?

Mimi nilikuwa na kutoogopa kimo. Nikawa fundi wa kuezeka. Leo nina vibarua wanane. Mwaka jana tulipata kazi ya bwalo la shule ileile. Nilipanda kabla yao, nikashusha futi kamba kutoka kwenye kenchi hadi sakafuni: mita 4.10. Nikacheka peke yangu. Ankara nikaipeleka ofisini mwenyewe, jina langu kwa herufi kubwa, na nakala ya cheti cha kuzaliwa nimeibana nyuma. Hawakuniomba.