Kabla ya kuweka soketi stoo, toa salfa kwanza

Friza yangu niliiweka stoo kwa sababu haikuwa na pahali pengine. Nyumba yetu hapa Mtwara mjini ina jiko dogo na sebule ndogo zaidi, na katikati yake kuna stoo ya hatua nne kwa tatu. Nilikuwa nimeanza kuuza pweza na ngisi wa kugandisha. Stoo ilikuwa na taa tu, soketi haikuwepo hata moja, maana aliyejenga aliona pa kuweka magunia hapahitaji umeme.

Miezi minane nilitumia ekstensheni. Ilitoka sebuleni, ikapita chini ya mlango, ikazunguka nyuma ya magunia mpaka kwenye friza. Mlango ukifungwa unabana waya palepale kila siku. Mwezi wa Desemba, mvua zimeshaanza na korosho za mume wangu kutoka Nanyamba zimerundikwa usawa wa kifua, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoivuta ile ekstensheni, kichwa chake kilikuwa kimelainika na kubadilika rangi, na gunia lililokilalia lilikuwa la moto mkononi. Ganda la korosho lina mafuta, na kila aliyewahi kubangua kwa moto anajua yanavyolipuka na kuwaka. Chumba cha pili wanangu walikuwa wamelala.

Kesho yake nikamwita fundi wa kwanza niliyempata. Akatazama juu, akasema, "Dada, hii kazi ya nusu saa. Tunavuta hapo kwenye taa." Kweli, nusu saa haikuisha, soketi ikawa tayari, friza ikawaka. Nilishukuru na kulipa.

Wiki mbili baadaye nimetoka kuosha pweza uani, mikono ina maji, miguu peku, nikashika mpini wa friza. Umeme ulinipanda mpaka begani. Namshukuru Mungu mkono ulirudi wenyewe, maana nimezika jirani ambaye wake haukurudi.

Fundi aliyekuja kurekebisha ni mzee mmoja aliyestaafu kazi za waringi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo bila kutoa hata bisibisi. Akaniuliza, "Mwanangu, humu ndani unaweka nini?" Nikamtajia: friza, korosho, mchele, nyavu za kaka yangu, dumu la mafuta ya taa, na salfa ya mikorosho mifuko sita. Aliposikia salfa akasimama. "Soketi sifungi mpaka hiyo itoke."

Kwetu kusini salfa ya unga ni kitu cha kawaida. Tunaipuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na inayobaki inalala stoo mpaka mwaka unaofuata. Tumeizoea kiasi kwamba tunaiona kama unga wa sembe. Lakini salfa inaungua, na vumbi lake likitanda hewani kwenye chumba kilichofungwa linaweza kushika moto kwa cheche ndogo. Cheche hiyo inaweza kutokea unapochomeka plagi huku swichi ya soketi ikiwa imewashwa, au kifaa kinapokatika ghafla. Moshi wake unakaba kifua kabla hujaufikia mlango. Na hata pasipotokea moto, salfa pamoja na unyevu wa bahari huila shaba: mzee alifungua ile soketi ya wiki mbili akanionyesha ncha za nyaya zimeshaanza kuwa nyeusi. Muunganiko ulioharibika hivyo hupata joto, na joto ndilo lililoyeyusha ekstensheni yangu. Kwa hiyo kama una salfa, petroli ya mashine ya kupulizia au mafuta ya taa, tafuta banda la nje lenye mlango wake. Hili halina mjadala kwangu.

Kisha akanieleza kosa la kuvuta kwenye taa. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, na breka yake ni ya ampea 6 au 10. Soketi yetu ya matundu matatu imetengenezwa kubeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa umeme wa volti 230. Leo utachomeka friza peke yake, kesho mtoto atachomeka pasi hapohapo, na waya ulio ndani ya ukuta hauna mdomo wa kukwambia umechoka. Breka ikianza kukata, kuna fundi atakayekushauri uweke kubwa zaidi. Usikubali. Breka inamlinda waya. Ukiikuza breka na waya ukabaki uleule, umeondoa ulinzi.

Kwangu mimi kibaya zaidi kilikuwa ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ile taa ilikuwa na nyaya mbili tu, na yule fundi wa kwanza aliacha tundu la tatu la soketi bila kitu nyuma yake. Kwa macho soketi imekamilika. Ndani ya friza umeme ulikuwa unavuja kwenye bodi lake la chuma, na kwa kuwa hapakuwa na waya wa kuupeleka ardhini, ulinisubiri mimi na miguu yangu peku. Fundi wako akimaliza, mwambie afungue uso wa soketi uone mwenyewe waya wa tatu, wa kijani, au wa kijani na njano, umebanwa na skrubu. Usione haya kumwambia. Halafu muulize ile fimbo ya ethi ya nje iko wapi na aipime kwa kifaa chake. Sehemu nyingi za mji wetu ni mchanga, na mchanga mkavu haupokei umeme vizuri. Kwetu ilibidi iongezwe fimbo ya pili, upande maji ya kuogea yanakopita.

Mzee alivuta laini mpya kutoka kwenye meni swichi, waya wa 2.5, breka ya ampea 20 ya stoo peke yake. Juu yake akaweka RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme mara unapoanza kuvuja kupitia mwili wa mtu. Ina kitufe chenye herufi T. Mimi hukibonyeza kila mwanzo wa mwezi ninapoingiza umeme wa LUKU, na kisipokata ningemwita fundi siku hiyohiyo.

Kuhusu mahali pa soketi, mazoea ya sebuleni hayafai. Soketi ya chini stoo itafunikwa na gunia ndani ya wiki. Yangu iko mita 1.4 kutoka sakafuni, karibu na mlango, upande ambao mlango haufungukii, ili niifikie bila kuruka mzigo. Chini yake tulipiga mstari wa rangi nyekundu sakafuni: ndani ya mstari huo gunia haliingii. Friza nayo inahitaji hewa nyuma yake, acha walau shibiri moja.

Nyaya zipite ndani ya paipu mwanzo hadi mwisho. Stoo yenye nafaka ina panya, na panya hutafuna waya hata kama hauna ladha. Zishuke wima kutoka juu hadi kwenye soketi, zisikatize ukuta kwa mshazari, maana kuna siku utataka kupigilia rafu na lazima ujue msumari usiende wapi. Kabla ya lipu nilipiga picha ukuta ukiwa wazi, futikamba ikiwa imenyooshwa pembeni. Picha ile nimeitumia mara mbili tayari.

Kwa sisi tulio karibu na bahari, chagua soketi ambayo skrubu zake za ndani ni za shaba ya njano. Za chuma cha rangi tu hushika kutu msimu mmoja. Zima meni kila mwaka baada ya masika, mwite fundi afungue na akaze.

Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Muombe akuonyeshe kabla ya kupatana bei, kwa heshima, kama unavyoomba risiti. Yule mzee aliitoa mfukoni kabla sijauliza, imefungwa kwenye nailoni.

Salfa sasa iko shamba Nanyamba, kwenye kibanda cha bati hatua thelathini kutoka nyumba ya mkwe wangu. Mume wangu alilalamika umbali kwa msimu mmoja. Mwaka huu ndiye aliyeenda kumwambia jirani yetu aitoe ya kwake.