Watalii wa Kihindi wanazidi Entebbe, na wewe bado unauza vyumba tu

Juzi nimeandikiwa na msomaji mmoja wa Jinja. Ana nyumba ya wageni karibu na mto, aliachiwa na marehemu mumewe, na wakala wa Kampala amemwambia anamletea kundi la Wahindi mwezi wa nne. "Hajati," ananiambia, "wenzangu wote wananishauri niwakatae. Wanasema watu hao wanabishania bei mpaka unachoka, hawali chakula chako, halafu wanataka kuingia jikoni kwako na mpishi wao. Wewe unawapokea kila mara. Unawezaje?"

Dada yangu, wapokee. Na huyo mpishi wao mpokee vizuri kuliko wengine wote. Ngoja nikueleze.

Wengi mnaosoma hapa mna nyumba ya wageni au mnatafuta namna ya kuipata, kwa hiyo sitawachosha na habari za leseni na vyandarua. Naanzia kwenye tawa.

Kabla sijapata mahali pangu nilikuwa mpishi wa hoteli moja kubwa ya ufukweni hapa Entebbe. Siitaji, wanaoijua wanaijua. Jioni moja mama mmoja wa makamo, kavaa sari, alikuja mpaka mlango wa jikoni akauliza kama tawa ninayochomea chapati imewahi kukaangiwa mayai. Meneja alikuwa amesimama pale pale. Akacheka, akamwambia chapati ni chapati. Mimi sikucheka. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa katika nyumba ambayo sufuria iliyoguswa na nguruwe hairudi jikoni, hata uisugue kwa mchanga wa ziwa lote. Swali la yule mama nilishalielewa kabla hajalimaliza. Nilitoa tawa mpya stoo, nikaiosha mbele ya macho yake, nikamchomea chapati zake kwa samli. Alikula nne, akaomba nyingine za kumpelekea mama mkwe chumbani.

Kesho yake niliitwa ofisini. Eti nimemwaibisha meneja mbele ya mgeni, na nimefungua chombo kipya bila ruhusa. Nikahamishiwa kufua mashuka. Sikukaa sana. Wanaonijua wanasema niyasahau, ila mimi nikipita nje ya lango lile mpaka leo nageuza uso upande wa ziwa.

Miaka iliyofuata nairuka: mikopo ya chama, korona, na mwaka 2020 ziwa lilipofura likaingia mpaka kwenye baraza za hoteli za ufukweni. Kila mtu wa Entebbe ana hadithi yake ya mwaka ule na zote zinafanana.

Kilichogeuza mambo ni ndege. Tarehe 7 Oktoba 2023 Uganda Airlines ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Entebbe na Mumbai. Zamani ilibidi upitie Dubai, Addis Ababa au Nairobi. Sisi huku Mumbai tulikuwa tunaijua kwa hospitali: mzee akiugua moyo au figo, ukoo unachanga, anapelekwa India. Hatukuwaza kwamba ndege inayompeleka mgonjwa wetu itarudi na bibi, babu, wana na wajukuu wanaokuja kutembea. Wanataka kuwaona sokwe wa kisiwa cha Ngamba na yule ndege wa kinamasi cha Mabamba mwenye mdomo wa kiatu, kisha wengine wanaendelea hadi Bwindi kwa gorila. Entebbe ndiyo usiku wao wa kwanza na wa mwisho, na katikati watoto wanataka kuchezea maji. (Hapo uwe mkweli. Ziwa letu lina kichocho. Waambie, usisubiri waulize.)

Basi siku moja wakala akanipigia: watu arobaini na kitu kutoka Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat huko India, wanachukua vyumba vyote, ila jiko niwaachie, wanakuja na maharaj wao. Maharaj ni mpishi. Makundi mengi ya Wagujarati husafiri naye, na masanduku yake ya dengu, unga na viungo. Mwenzangu mmoja mwenye nyumba mtaa wa pili alikuwa amekwisha kuwakataa kwa sababu hiyo hiyo. Alisema jiko lake si la kukodisha. Mimi nilikubali kwa masharti mawili. La kwanza, mimi na msichana wangu wa jikoni tutasimama naye toka asubuhi mpaka usiku. La pili, kila kitu kibichi kitanunuliwa hapa hapa Entebbe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilitoa nyama, samaki na mayai yote nikayapeleka kwenye friji la jirani. Sufuria nilinunua mpya. Maharaj alikuja, mzee mfupi, hajui Kiingereza, nami Kigujarati sikijui. Alifungua friji akatazama. Akainama chini ya rafu. Akanusa sufuria moja moja. Halafu akarudi mlangoni, akavua viatu, akaingia tena. Nikajua tumepita.

Nilichojifunza kwa yule mzee sikukipata katika semina yoyote, na semina nimezilipia. Alinionyesha mvuje: mkebe mdogo wenye harufu ya kukimbiza watu, lakini kipande kikigusa samli ya moto unadhani umetia kitunguu. Na kitunguu ndicho kilichokuwa kimekatazwa. Ndani ya kundi lile kulikuwa na Wajaini, watu wa dini moja ya India, na Mjaini anayeshika dini hali kitunguu, kitunguu saumu, viazi wala karoti, yaani kila kinachochimbwa ardhini. Pia hula kabla jua halijazama. Kwetu hapa kwenye ikweta jua linazama karibu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo chakula chao kiwe mezani saa kumi na mbili jioni. Wenzao wasio Wajaini, wa kundi hilo hilo, wanakula saa tatu, saa nne usiku, tena wakiwa wanacheka kama ndiyo kwanza siku inaanza. Ukiwa na jiko linalofungwa saa mbili, umekwisha. Na alfajiri hao wasio Wajaini wanataka chai ya maziwa iliyochemka pamoja na tangawizi na iliki, si kikombe cha maji ya moto chenye kikaratasi kinachoning'inia kwa uzi.

Siku yao ya mwisho maharaj alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, akamwachia msichana wangu apike peke yake. Hakuna mgeni aliyegundua. Tangu hapo wakala akiniletea kundi, wengi hawaji na mpishi. Na nyie mnaonifahamu mtafurahi kusikia kwamba hoteli ile ya tawa ilimtuma kijana kuja kumshawishi msichana wangu ahamie kwao. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka bila msichana.

Sasa watu huniuliza: mji unapata nini? Nenda sokoni Kitoro asubuhi uone. Akina mama waliokuwa wanauza mboga zetu za majani tu, dodo na nakati, sasa wana dania, bamia, tangawizi na pilipili mbichi, na wananipigia simu wenyewe kuniuliza kundi linakuja lini. Mwenye ng'ombe ananiletea maziwa ya mtindi mara mbili zaidi ya zamani. Kijana wa roleksi, chapati iliyokunjiwa yai, hapa langoni kwangu ana tawa ya pili isiyoguswa na yai. Anakunjia kabichi, nyanya na pilipili ndani ya chapati, na watoto wa Kihindi wanapanga mstari. Jirani yangu ananinunia kwa sababu dania imepanda bei. Ana haki, nami sina jibu la kumpa. Wavuvi nao wanalalamika kwamba Mgujarati hanunui samaki. Kweli, wengi hawali. Lakini wakija watu wa Kolkata mambo ni mengine: Mbengali asiyepewa samaki anajiona hajala, na sato wa Kigungu anamalizika. Ndiyo maana nasema uliza kwanza. Usiseme "Wahindi wanakula hivi". India ni nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, bwana.

Kuna upande mwingine unaoniuma. Yapo makundi yanayolala hapa lakini chakula kinatoka Kampala kwa gari, kwa njia ile ya haraka iliyofunguliwa mwaka 2018. Chai inatoka Kampala. Hata maji ya chupa. Sisi tunabaki kutandika vitanda na kuokota sahani za plastiki ufukweni. Mwenye nyumba analalamika kwamba watu hawa hawaachi pesa. Waiache wapi, wakati jiko lako umelifunga kwa kufuli? Jikoni ndiko pesa inakoingilia mjini. Sikiliza tena: jikoni.

Hili si la Entebbe peke yake. Thailand iliwaondolea Wahindi viza mwezi Novemba 2023, na mwaka 2024 walifika zaidi ya milioni mbili. Pattaya, mji wa pwani uliokuwa kijiji cha wavuvi, ukakuzwa na askari wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, siku hizi una mikahawa ya Kihindi mtaa hadi mtaa. Hapa bado tuko mwanzoni. Mwanzoni ndipo mtu anapowahi.

Na tazameni kalenda, maana hesabu hii wengi hawaipigi. Wazungu wetu wanakuja Juni hadi Septemba, na tena Desemba hadi Februari. Mwezi wa nne na wa tano mvua inanyesha na vyumba vya Entebbe vinalala na mbu. Miezi hiyo ndiyo shule za India zinafunga kwa sababu kwao ni joto kali. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, mvua yetu ya pili. Wanakuja pale pale pengo lilipo, na mvua kwao ni starehe. Dada wa Jinja, wewe una na la ziada. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapo kwenu, chanzo cha Nile, mwaka 1948, na sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral. Sisi Entebbe hatuna kitu kama hicho. Halafu unauliza uwapokee?

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Nikiwapeleka wageni Kitoro, kuna watu wanaguna: "Hao hao wamerudi." Wanazungumzia mambo ya 1972. Tarehe 4 Agosti mwaka ule Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku tisini, na wengi walitokea uwanja huu huu wa Entebbe baada ya kuporwa kwenye vizuizi vya barabarani. Familia ya Ahmedabad iliyokuja kutazama sokwe haikuja kudai duka la mtu yeyote. Na hata hao waliofukuzwa, wengi walikuwa wamezaliwa hapa! Mimi ni Mnubi. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979 watu wetu walibebeshwa madhambi ya Amin, wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja, wengine wakakimbia nchi. Kwa hiyo usije mbele yangu kunihesabia watu kwa kabila.

Acheni pia kuwapigia kelele "Muyindi! Muyindi!", yaani Mhindi, barabarani. Acheni kuwapiga picha wazee wakioga na nguo zao na kuzirusha kwenye WhatsApp. Mnadhani hawaoni? Januari 2024 manaibu mawaziri watatu wa Maldivi walisimamishwa kazi baada ya kumkejeli waziri mkuu wa India mtandaoni. Mwaka 2023 Wahindi ndio waliokuwa watalii wengi kuliko wote visiwani humo. Mwaka 2024 idadi yao ilianguka. Wale wana fukwe ambazo dunia nzima inazitamani, na bado maneno yaliwagharimu. Sisi tuna nini cha kuringia? Mchanga wa kutengeneza na kunguru.

Kijana wa baa naye ajifunze kufunga mdomo. Gujarat pombe imepigwa marufuku tangu 1960, na baba mtu akija kukuuliza bia kwa sauti ya chini, mpelekee nyuma ya nyumba, usiitangaze mbele ya mama yake.

Kuhusu kubishana bei: wanabishana, ndiyo. Nami nabishana Kitoro kila asubuhi. Mpe bei moja yenye vyumba, chakula, chai na boti ndani yake, usimwongezee senti kwa sababu ya sura yake, na ukishaitaja simama hapo. Mgeni hajawahi kunidhulumu. Aliyenidhulumu ni wakala, mtu wa hapa hapa, tunasalimiana kwa heshima zote, ambaye kundi liliondoka na malipo yangu hayajafika mpaka leo ninapoandika. Kwa hiyo dada, kabla ya mwezi wa nne, dai nusu ya pesa mkononi ndipo uende kununua sufuria mpya. Nusu nyingine uipate siku wanayofika, kabla masanduku ya maharaj hayajashushwa garini. Wakala akikwambia "tutaelewana baadaye", mwambie vyumba vimejaa.