Kaboni ya mionzi haioshwi kwenye mhogo

SWALI: Nalima mihogo na mahindi Buyende, Uganda, karibu na Ziwa Kyoga, ambako serikali imepanga kujenga mtambo wa nyuklia. Kuna mtu anazunguka sokoni na kipima mionzi cha mkononi, anapima vyakula kisha anauza unga wa kuondoa kaboni ya mionzi. Je, ninunue?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Mtambo wenyewe bado haujajengwa. Kaboni-14, ndiyo hiyo kaboni ya mionzi, iliyomo kwenye mihogo yako leo inazaliwa juu angani, miale ya anga za mbali inapogonga naitrojeni. Kila kilo ya kaboni katika kiumbe hai ina takriban bekereli 230 za kaboni-14 (bekereli moja ni atomi moja kuvunjika kila sekunde), na mwili wa mtu mzima una zaidi ya 3,000.

Kinachonikera kila ninapoulizwa jambo hili ni dhana kwamba kaboni hiyo ni kama vumbi lililotua juu ya ganda. Sivyo. Mtambo ukiitoa, sehemu kubwa hutoka ikiwa gesi: kaboni dioksidi au methani. Jani huivuta kaboni dioksidi mchana, sawa na ile ya kawaida, na kuigeuza kuwa wanga. Menya mhogo, uoshe, uchemshe, kaboni imo ndani ya wanga wenyewe. Hakuna unga unaoweza kuichambua.

Na kile kipima? Kaboni-14 hutoa chembe za beta, yaani elektroni, dhaifu sana, zisizopenya hata nusu milimita ya nyama, hivyo kukielekeza kwenye gunia hakuonyeshi kitu. Maabara huichoma sampuli, hunasa kaboni dioksidi yake, ndipo huhesabu. Mlio mnaousikia sokoni ni wa mionzi ya ardhini na angani, iliyopo kila mahali.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14 ya hewani kufikia miaka ya 1960. Ilipungua kwa kumezwa na bahari na mimea, si kwa dawa ya mtu. Wauza hofu hawa kesho watawaletea vidonge vya iodini. Vidonge hivyo hukinga tezi ya shingoni dhidi ya iodini ya mionzi peke yake, tena mamlaka ikiagiza. Kwa kaboni havifai kitu.

Hela hiyo nunulia mbegu. Mkitaka ulinzi wa kweli, liombeni Baraza la Nishati ya Atomiki, msimamizi wa usalama wa mionzi nchini, lichukue sampuli za mihogo, nyasi na samaki wa Kyoga kabla mtambo haujawashwa. Vipimo hivyo vikikosekana, baadaye itakuwa vigumu kuthibitisha kilichoongezeka.