Punje tano za maharagwe: kwa mlezi mpya wa wasichana

Mama, yaya (dada mkubwa), nawe tata (baba) uliyekubali kutoa Jumamosi zako bila kulipwa ili ulee kundi la wasichana: karibu. Kabla hujanunua filimbi, nikueleze kosa langu la kwanza, maana karibu kila mlezi ninayemfundisha hapa Lubumbashi hulirudia.

Wasichana wetu wa Katuba, hapa mjini, walitaka kupika sombe (majani ya muhogo) na bukari (ugali) wauze, wapate nauli ya matembezi. Walikuwa 12, wa miaka 12 hadi 15. Wakaanza kubishana juu ya makala, yaani makaa: mmoja anataka gunia zima, mwingine anasema ndoo moja inatosha kwa mbabula (majiko) mbili. Nilivumilia dakika tatu hivi, kisha nikamnyang'anya mwandishi wao kalamu, nikapiga hesabu yote mwenyewe. Chakula kiliiva, fedha zikaingia, wazazi wakanishukuru. Mwezi uliofuata nikauliza, "Sasa tufanye nini?" Wote 12 wakageuka kunitazama mimi, kimya, kama wanaosubiri sahani.

Tangu hapo mafunzo ya walezi nayaanza na maharagwe. Kila mtu mzima anapewa punje tano. Tunaita wasichana, tunawapa kazi ya kweli: wapange siku moja ya kutoka kwa fedha iliyomo kwenye bahasha, basi. Walezi wanakaa pembeni. Ukifungua mdomo, punje moja inaingia kwenye sahani. Zikiisha, hadi mwisho huna neno. Mama mmoja, mwalimu wa miaka mingi, alimaliza zake tano wasichana wakiwa bado wanachagua nani aandike. Alishinda ameshika tama. Wasichana walisahau nauli ya kurudi, wakazunguka na hesabu isiyotoka, mwishowe mdogo wao akauliza, "Tutarudi kwa miguu?" Wakacheka, wakafuta soda kwenye orodha. Mwalimu alikuwa ameliona kosa hilo mapema. Aliniambia kunyamaza kulimuuma tumbo. Nikamjibu: hicho ndicho ulichojitolea kufanya.

Punje usizimalize kwa majibu. Mimi mbili nazitumia kwa maswali haya: "Nani hajasema bado?" na "Mkikikosa hicho, mtafanyaje?" Moto, maji na barabara havihesabiwi, mtoto akikaribia mafuta yanayochemka, piga kelele.

Wagawe vikundi vya sita hadi wanane, kila kimoja na kiongozi wake, anayebadilishwa baada ya miezi michache. Utaratibu huu tumeurithi kwa skauti. Skauti wa kike wa Uingereza walipata chama chao mwaka 1910, mwaka ule ule mji wetu ulipoanzishwa, na Agnes, dada yake Baden-Powell mwanzilishi wa skauti, ndiye aliyekiongoza mwanzoni. Miaka miwili baadaye Juliette Gordon Low alianzisha skauti wa kike na wasichana 18 tu kule Savannah, Marekani. Kwa hiyo usione haya kuanza na saba. Kwenye kundi la 40 atasema yule yule mwenye sauti, na mara nyingi ni binti wa mkubwa fulani wa parokia.

Kuhusu heshima. Binti zetu wamelelewa wasimkatize mkubwa, na adabu hiyo siigusi. Ila ukimsimamisha mbele ya watu na kumwambia "sema, usiogope", umemtia aibu bure. Mpe kitu cha kusema. Kwetu, wasichana ndio wanaosoma hesabu mbele ya wazazi. Mwaka jana mmoja alisoma karatasi ikimtetemeka mkononi, tata yake akamkatiza: "Na zile franka elfu mbili?" Akatazama karatasi. "Chumvi na kiberiti, tata. Na mfuko." Karatasi ikaacha kutetemeka.

Kabla ya hayo yote, pitia nyumbani, kaa na mama yake. Uliza binti anachota maji saa ngapi, anasoma asubuhi au mchana. Anayechelewa huenda ametoka kuosha vyombo vya watu kumi, usimwadhibu. Na kambi ya Julai, mkumbushe blanketi. Baridi ya hapa haijui kujitolea.

Sasa jambo ambalo sina mzaha nalo. Usikae peke yako na msichana mmoja chumbani. Wawe watu wazima wawili, au mlango wazi. Usimwahidi siri kabla hujasikia. Akikueleza jambo zito, msikilize, usimhoji kama polisi, na usikubali familia mbili zikae kulimaliza kwa mbuzi. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kama amebakwa, hospitali kwanza, mapema iwezekanavyo: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kikao cha wajomba kitasubiri. Wiki ya kwanza kabisa, tafuta ujue ni kituo gani cha afya karibu nanyi chenye dawa hiyo. Usingoje siku utakapoihitaji.

Mafunzo yetu huanza saa tatu asubuhi. Njoo na daftari, kalamu na kikombe chako cha chai. Maharagwe ninayo.