PDF ikiingia Inkscape maandishi yanapandana: nilivyojifunza kwa hasara

Mkuu mleta uzi, umesema PDF ya mteja ni safi kwenye simu, ila ukiiingiza Inkscape (programu ya bure ya kuchora na kuhariri michoro) herufi zinapandana na maneno yanakuja vipande vipande. Kompyuta yako haina kosa. PDF haijali aya wala sentensi; kazi yake ni kuiweka kila herufi mahali pake kwenye karatasi. Halafu fonti iliyomo ndani mara nyingi ni nusu, zimebebwa herufi zilizotumika tu. Kadi ilikuwa ya Asha, sasa mteja anataka iwe ya Zawadi: hiyo Z utaitoa wapi?

Mimi nachapa stika na mabango hapa Mwanjelwa, Mbeya, na jambo hili limeshanitia hasara. Mteja wa kahawa kutoka Mbozi aliniletea lebo kwenye flashi. Fonti yake sikuwa nayo, programu ikaweka nyingine kimya kimya. Umeme siku hiyo ulikuwa wa kuja na kuondoka, nikakimbiza kazi bila kulinganisha na PDF yenyewe. Stika 300 zikatoka "gramu 250" imekalia jina la kahawa. Nikarudia kwa hela yangu.

Siku hizi naanza na swali moja: nabadilisha maneno, au nachapa kama yalivyo? Kama ni kuchapa tu, kwenye kidirisha kinachofunguka wakati wa kuingiza PDF nachagua njia iitwayo Poppler/Cairo. Herufi zote zinageuka maumbo, hazihami, ila kuzihariri kama maandishi ndiyo basi tena. Kama maneno yanabadilika, natumia njia ya ndani ya Inkscape yenyewe. Hapo toleo la 1.3 la mwaka 2023 limetuokoa, maana linakuorodheshea fonti zilizomo na kukuonyesha zipi huna. Fonti nisizo nazo nazisakinisha kwanza, halafu nafungua PDF upya. Fonti isipopatikana kabisa nafuta mstari mzima na kuuandika mwenyewe. Kuunganisha vile vipande ni kujitesa.

Wenye plota (mashine ya kukata stika) mna balaa jingine. PDF huja na fremu za kufichia kingo za picha na mistatili myeupe usiyoiona kwa macho. Plota inaiona yote, na inaikata! Bonyeza Ctrl+5 (ile 5 ya upande wa namba kwenye kibodi) mpaka ibaki mistari mitupu, utashangaa. Vunja makundi kwa Ctrl+Shift+G, achia fremu (Release Clip), futa takataka.

Ila kabla ya hayo yote, kuza faili hadi asilimia 1600. Ukiona viboksi, hiyo ni picha tu, mara nyingi karatasi iliyoskaniwa, hakuna mpangilio wa kuiokoa. Nembo ndogo naichora upya juu yake. Kubwa namrudisha mteja kwa aliyemtengenezea, aombe faili asilia. Mara nyingi lipo, alituma PDF kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu WhatsApp.