Brighton wanauza kila mwaka na wapo tu, Southampton waliuza wakashuka: tofauti iko wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni katibu wa klabu ya daraja la chini huku mkoani. Naona Brighton kila dirisha wanauza staa na bado wapo Ligi Kuu ya Uingereza, ila Southampton nao waliuza sana enzi za kina Wanyama na Van Dijk, mwisho wakashuka. Walikosea wapi? Na bei ya mchezaji inaandikwaje kwenye vitabu? Sisi wadogo tushike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimekaa na hesabu za vilabu miaka mingi na hili swali nalipenda sana, sababu watu wengi wanaangalia bei ya kuuzia tu, wakati kazi yenyewe inafanyika mwaka mzima kabla ya kuuza.

Mcheki kiungo Caicedo. Brighton walimtoa Independiente del Valle ya Ecuador mwanzoni mwa 2021 kwa kama pauni milioni 4 na ushee, hawakumkimbiza uwanjani, wakampeleka kwa mkopo Beerschot kule Ubelgiji. Kiungo mwenzake Bissouma alipouzwa Tottenham 2022, Caicedo alikuwa yupo ndani tayari, anajua mfumo. Januari 2023 Arsenal wakaja na ofa, ya mwisho ikafika kama milioni 70, na dogo mwenyewe aliandika hadharani anataka kuondoka. Brighton wakakataa. Machi wakampa mkataba mpya mrefu, Agosti Chelsea wakatoa milioni 100 na nyongeza inayoweza kufika 115. Na mwezi ule ule Baleba akaletwa kutoka Lille. Umeona mnyororo? Bissouma, Caicedo, Baleba, nafasi ile ile, na pale katikati hakujawahi kubaki wazi.

Sasa Southampton, na hapa naomba tuwaheshimu, maana wao walifanya hivi kabla ya Brighton na walifanya vizuri, msimu wa 2015/16 walimaliza wa 6. Van Dijk walimnunua milioni 13 kutoka Celtic, Januari 2018 wakamuuza Liverpool milioni 75. Biashara safi kabisa. Shida ni hela ilivyotumika: mwezi ule ule wakatoa kama milioni 19 kwa Guido Carrillo, straika ambaye kocha Pellegrino alishamfundisha Estudiantes kule Argentina. Akacheza mechi 7 za ligi, goli hakuna, na Machi kocha mwenyewe akafukuzwa, klabu ikabaki na mchezaji wa kocha ambaye hayupo. Mimi hapo ndo naona ugonjwa. Orodha ya wachezaji wa kusajili inatakiwa iwe ya klabu, kocha anatoa maoni lakini sio mwenye orodha. Brighton walimpoteza kocha Potter Septemba 2022 akaenda Chelsea, akaja De Zerbi, na msimu ule ule wakamaliza wa 6.

Vitabu sasa. Ukinunua mchezaji milioni 20 kwa mkataba wa miaka 5, huandiki 20 zote mwaka wa kwanza, unaandika 4 kila mwaka. Baada ya miaka 2 kitabuni amebaki 12, ukimuuza 50 faida ni 38 na inaingia yote kwa mkupuo. Kijana wa akademi kitabuni hana bei ya kununuliwa, kwahiyo Ben White, kijana wa akademi ya Brighton, alivyoenda Arsenal 2021 kwa milioni 50, karibu yote ni faida. Ila mkataba ukiachwa ufike mwaka wa mwisho bei inaporomoka, akimaliza anaondoka bure, ndo maana ikibaki miaka 2 mimi huwa nasema aongezwe mkataba au auzwe, usikae katikati.

Kwa klabu yako, usianze kufikiria kuuza Ulaya, anza na karatasi. Kanuni ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada inagawiwa vilabu vilivyomlea toka miaka 12 hadi 23. Kila msimu kuanzia umri wa miaka 16 ni nusu asilimia. Yaani kijana uliyekaa naye misimu miwili akiwa na miaka 17 na 18, akija kuuzwa dola milioni 10, yako ni laki moja ya dola. Niliwahi kuitwa na klabu moja kijana wao ameuzwa nje, tukatafuta usajili wake, tukapata daftari limeloa maji, msimu mmoja tu ndo unasomeka. Iliniuma mno, ile hela ingewajengea uwanja wa mazoezi. Kwahiyo wiki hii sajili hao vijana wote kwenye mfumo wa shirikisho, hakikisha tarehe za kuanza na kumaliza zipo, na ukimuuza yeyote hapa ndani, hata kwa bei ndogo, weka kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo. Celtic walikiweka kwa Van Dijk, na Liverpool walivyolipa zile 75 nao wakala mgao wao.